Udongo wa Kwetu ni Mweusi

Baba yangu amefundisha darasa la Shule ya Sabato kwa miaka mingi kuliko alivyofundisha shule ya msingi iliyomlipa mshahara. Kanisa letu liko kwenye bonde la Lambwe, upande ambao ukisimama mlangoni unauona uzio wa mbuga, na asubuhi zenye ukungu huoni hata huo uzio. Darasa lake lilikaa chini ya dirisha la kushoto, mabenchi manne yakitazamana, vijitabu vya lesoni mapajani. Kila aliyefungua mdomo alijua atakachoulizwa. Ukisema Mungu hapendi wanawake wanaopaka kucha rangi, Baba angeinua kichwa taratibu na kuuliza, "Fungu liko wapi?" Ukisema mbinguni hakutakuwa na samaki, "Fungu liko wapi?" Fungu ni mstari wa Maandiko. Usipokuwa nalo, ulichosema hakikuwa na mahali pa kukaa.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi mezani. Aliyeulizwa alicheka, akajikuna kichwa, akasema basi hayo ni mawazo yangu tu. Naye Baba alijibu kila mara vilevile: "Tumeyapokea kama mawazo."

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Ninaishi Suna, mjini Migori, katika chumba kimoja chenye meza nzuri na bomba baya, na Jumapili mbili kila mwezi ninakutana na waandishi wenzangu huko Rongo tusomeane na tukosoane. Wakiniuliza nilijifunzia wapi kutilia shaka sentensi yangu mwenyewe, huwa nataja chuo, kwa sababu chuo ndicho wanachotarajia kusikia. Ukweli ni lile benchi la chini ya dirisha.

Lakini ilipofika siasa, Baba huyohuyo aliliacha swali lake kanisani, pale dirishani, pamoja na vitabu vya nyimbo. Uchaguzi uliopita alipiga kura suti kamili. Ndivyo tunavyosema kwetu mtu anapochagua chama kimoja kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho bila kutazama sura, kama anayenunua koti, suruali na kizibao vya kitambaa kimoja. Mwakilishi wetu wa wadi alipita kwa njia hiyo. Wengi waliompigia kura hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake. Mimi nilimpigia mgombea huru, nikajiona nina akili kwa sababu hiyo tu. Sauti yake yeye niliwahi kuisikia mara moja, kwenye kipaza sauti, kutoka mbali.

Mwaka uliofuata mheshimiwa akatuletea silanga, yaani bwawa la kuchimbwa kwa mashine ili likusanye maji ya mvua. Nyumbani kwetu aliyeingoja silanga hiyo kuliko wote alikuwa Mama. Ana goti bovu. Mto uko chini ya mteremko mrefu, na safari ya kushuka si mbaya. Mtungi mtupu haumlemei mtu. Ni kupanda. Nimemwona akisimama mara nne kwenye njia ambayo zamani alisimama mara moja, tena ili asalimie mtu.

Mashine ilichimba kwenye mwinuko nyuma ya shule, jirani na boma la mpiga debe mkubwa wa mheshimiwa. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mradi, na Baba alijua. Alikuwa mwalimu katika shule ile walipochimba choo cha walimu, na sururu iligonga changarawe kabla mchimbaji hajazama kiunoni. Udongo mweusi wa pale ni blanketi jembamba. Chini yake ni changarawe, na changarawe haishiki maji. Angeweza kulisema hilo kwenye baraza siku mradi ulipojadiliwa. Kwa bahati mbaya aliyetangulia kulisema alikuwa mfuasi wa mgombea huru, kijana mwenye kelele. Kuanzia siku hiyo changarawe ikawa na chama. Ukiitaja, umehama.

Mvua ndefu zikaja. Silanga ikajaa nusu, watu wakapiga picha wakiwa wamesimama ukingoni na miavuli. Kisha jua likawaka wiki moja na maji yakaenda.

Mama akanipigia simu.

"Jumatatu wanaleta fomu," alisema. "Baba yako akiandika kwamba kazi imekamilika, mashine inapanda lori, kwaheri. Asipoandika, itawabidi wabaki wapake udongo wa mfinyanzi chini. Njoo uongee naye."

"Kwa nini usiongee naye wewe, Mama?"

"Mimi? Mimi ananisikia kila siku. Amezoea."

Nilifika nyumbani Ijumaa mchana. Ijumaa kwetu ni siku ya matayarisho: chakula cha Sabato kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, na kabla jua halijazama kila kitu kiwe kimekwisha, ugomvi ukiwemo. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko na viatu vya familia nzima mbele yake, akikwangua matope kwa kijiti kabla ya kupaka rangi.

"Nyara," alisema. Yaani binti yangu. Nyumbani tunaongea Kijaluo. Hapa ninayaweka kwa Kiswahili. "Umekuja kunisalimia au kunihubiria?"

"Vyote viwili, Baba."

"Basi anza na salamu. Mahubiri hayaharibiki."

Nikamsalimia. Nikaulizia ng'ombe, shemasi aliyekuwa mgonjwa, mahindi. Kisha nikasema, "Ile silanga haishiki maji."

"Silanga ni mpya. Inajifunza."

"Silanga inajifunza?"

"Hata wewe ulichukua mwaka mzima kujifunza herufi K."

Mama alicheka jikoni kwa sauti. "Huyo kujibu anajua! Muulize changarawe."

"Changarawe ni maneno ya wale watu," Baba akasema bila kuinua macho.

"Ni maneno ya wale watu, au ni changarawe?"

Akaacha kukwangua. "Wewe hukuwa hapa wakati wa kampeni. Wale walinitukana sokoni, mzee mzima, mbele ya watu niliowafundisha kusoma. Ukiwapa neno moja hao, wanachukua boma lote. Wacha kwanza mambo yatulie, tutasema wenyewe kwa wenyewe."

"Jumatatu wanakuja, Baba. Yatatulia lini?"

Akarudi kukwangua. Hapo ndipo nilipotoa simu, na ninakumbuka vizuri nilivyojisikia. Nilijisikia kama mtu mwenye karata ya mwisho. Nilikuwa na picha iliyozunguka wiki nzima: sakafu ya bwawa iliyokauka ikapasuka kama kisigino cha mzee, mtungi wa manjano umelala ubavu, hakuna mtu. Maandishi ya chini yalisema ni silanga ya Lambwe. Nilikuwa nimeituma kwenye grupu ya waandishi wa Rongo na ile ya ukoo, nikaiandikia aya tatu kuhusu kiu na ahadi. Wenzangu walizisifu aya hizo. Mmoja aliniambia ya pili ilimtoa machozi.

Baba alijipangusa mikono, akaishika simu mbali na uso, kama wafanyavyo watu wa rika lake. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mimi nilivyowahi kuitazama.

"Hii ni wapi?"

"Si ndiyo silanga yetu?"

"Fungu liko wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitamka swali lile nje ya kanisa.

"Niliiona kwenye grupu," nikasema.

"Grupu si fungu." Akainua kiatu cha Mama, kile alichokuwa bado hajakikwangua, akakiweka sambamba na simu. "Huu udongo wako ni mwekundu."

Nikatazama. Ulikuwa mwekundu, mwekundu kabisa. Mimi nimezaliwa kwenye udongo mweusi. Nimeukwangua kwenye viatu vya shule kila Ijumaa ya utoto wangu, umenishika miguu nikaanguka nao, nimeandika kurasa nzima juu ya rangi yake, nikaitwa mwandishi mwenye jicho. Na nilikuwa nimeitazama picha ile wiki nzima nikaona nilichotaka kuona.

"Tena changarawe haipasuki hivi," Baba akaongeza kwa upole wa mwalimu anayesahihisha daftari. "Maji yakienda pale, kunabaki shimo safi. Unaweza kulifagia."

Alikuwa amekiri changarawe, na mimi sikuwa na nguvu za kumwonyesha kwamba amekiri. Tulibaki tukitazama kile kiatu.

"Sasa kati yangu na wewe," akasema, "nani haangalii?"

"Jua linazama," Mama akaita, na kwa sheria ya nyumba yetu maneno yakaishia hapo.

Sabato ile ilikuwa ndefu. Darasani mama mmoja alisema malaika hawakai katika nyumba yenye televisheni, na watu wote wakageuka kumtazama Baba, tayari kucheka. Baba akaanza, "Fungu..." Macho yake yakakutana na yangu. Akamwambia yule mama aendelee. Watu wakadhani anaumwa. Baada ya ibada wanawake wawili walimwuliza Mama kama mzee anakula vizuri.

Jumapili asubuhi aliniambia nivae viatu. Tulipanda mwinuko hadi silangani. Katikati ya shimo, pale palipo chini zaidi, kulikuwa na mti umesimikwa, mrefu kama mtu, umefungwa vifundo vya katani kuanzia juu hadi chini.

"Nani ameuweka?"

"Mimi. Maji yalipofika juu pale nilifunga fundo la kwanza. Halafu nikawa ninakuja kila jioni." Alishuka, akagusa vifundo kimoja kimoja. Vilikuwa saba, vimeachana kwa nafasi zilizokaribia kulingana. Cha mwisho kilikuwa chini kabisa, kwenye changarawe.

Kwa hiyo alikuwa amepima. Mzee niliyekuja kumfundisha kufikiri alikuwa amefikiri jioni saba mfululizo, peke yake, akarudi nyumbani akakaa kimya.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, nyara? Kila ninayemfahamu ana upande. Mama yako peke yake ndiye hana, na yeye hahitaji mti kujua maji hayapo."

Nilikaa ukingoni nikaandika kwenye zile grupu mbili kwamba picha ile si ya kwetu, kwamba niliituma bila kuikagua, na kwamba udongo wa kwetu ni mweusi. Nikaongeza kwamba silanga kweli haina maji, lakini kwa sababu nyingine. Hakuna aliyesoma hiyo sentensi ya mwisho. Binamu yangu mmoja aliandika, "Kumbe na wewe wamekufikia." Kisha mshairi wa kikundi chetu, mtu ninayempenda, akapiga simu.

"Dada, sasa hapa umewapa silaha."

"Lakini picha si ya kwetu."

"Nani ameuliza ni ya wapi? Maana yake ni kweli."

"Mwezi jana ulinichania hadithi kwa sababu niliandika mwezi mpevu ukichomoza saa sita mchana."

"Ile ni fasihi!" akasema kwa hasira ya kweli. "Fasihi haichezewi."

Ningecheka siku nyingine. Nilimwambia tutaonana Rongo.

Jumatatu wakaja wawili: msaidizi wa mheshimiwa, ambaye Baba alimfundisha darasa la nne, na karani wa kontrakta, mgeni kutoka mbali. Kwa ajili ya karani wakaongea Kiswahili. Mama aliwapa chai na kurudi jikoni, lakini mlango aliuacha wazi.

"Mwalimu, ni sahihi tu," msaidizi akasema. "Hapa, na hapa. Kalamu hii hapa."

"Twende kwanza tukaone."

"Kuona nini tena, Mwalimu? Si wewe ndio mwenyekiti? Umeona."

"Nimeona. Sasa twende tuone wote."

Nilifuata nyuma. Karani alikuwa na viatu vyeusi vilivyochongoka, akachagua pa kukanyaga kama kuku. Baba aliwashusha hadi kwenye mti wake, akawaeleza vifundo. Karani alitazama angani. Msaidizi alimsogelea Baba, akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza nikasikia katika sauti yake kwamba anaogopa.

"Mwalimu, nakuomba. Wale wengine watashangilia hii."

"Najua."

"Watasema umehama."

"Nimehama kutoka wapi? Niko ndani ya shimo."

"Chama ndicho kimetuletea hii kitu!"

"Ndiyo. Na mimi nilikipigia kura juu mpaka chini. Kwa hiyo ni yangu, na ni mbovu."

Akaiweka fomu kwenye goti, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa ubaoni: Maji hayakai. Chini ni changarawe. Nimepima siku saba. Kisha akatia sahihi chini ya maneno hayo.

"Hapo hakuna nafasi ya maelezo, mzee," karani akasema.

"Ndiyo maana nimeandika pembeni."

Ningependa kuandika kwamba mashine ilibaki. Wiki hiyohiyo kamati iliitwa bila Baba, ikapata mwenyekiti mpya, mwenzake wa miaka mingi kutoka benchi lilelile la Shule ya Sabato, na fomu mpya ikatiwa sahihi. Alhamisi mashine ilipakiwa kwenye lori. Mama alisimama mlangoni akiitazama ikipita, ameshika goti kwa mkono mmoja, kama mtu anayesindikiza mgeni aliyeondoka bila kula. Silanga ikakabidhiwa kwa hema na muziki. Siku ile haikuwa na maji, basi wageni wakakaa wameipa mgongo.

Kisha wale wengine wakaja. Mgombea huru mwenyewe, na watu sita, wakimwita Baba shujaa kabla hawajafika kwenye viti. Walitaka aseme kwenye mkutano wao. Walikuja na bango, na kwenye bango kulikuwa na picha ile ya udongo mwekundu, imekuzwa ikawa kubwa kama mlango.

"Hiyo si ya kwetu," Baba akasema.

"Mwalimu, usituharibie," mgombea akajibu akicheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe uko upande gani hasa?"

Waliondoka na bango lao. Huyo ndiye niliyempigia kura. Nilimtazama akishuka njiani, nikatambua sauti ile ya kipaza sauti, sasa nikiwa karibu.

Sasa mabenchi ya Baba kanisani ni mawili. Wa chama wamehamia darasa la dirisha la kulia, wa mgombea huru wanasoma lesoni nyumbani. Salamu njiani zimefupishwa. Mimi nikienda Rongo tunasomeana kama zamani, na tunakatiana vivumishi bila huruma, lakini siasa ikiingia ninakunywa chai yangu. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hausaidii. Si kushindwa kulikonichosha. Ni kule kusema jambo dogo, kwamba shimo halina maji, na kuwatazama watu wakiligeuza huku na huku kutafuta nembo.

Baba ameanza kwenda mtoni. Mwanamume wa umri wake kwetu habebi maji. Angekuwa na mtungi kichwani wangemwita mzee aliyerogwa. Basi amenunua wilbaro. Anasukuma mitungi minne kupanda mteremko, Mama akitembea kando na fimbo, na vijana wa bodaboda wanampigia kelele, "Mwalimu, silanga yako iko wapi?" Anawaambia, "Iko hapa, ina gurudumu."

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Sabato. Katikati ya lesoni mwenyekiti mpya aliingia, akapita mabenchi ya dirisha la kulia, akakaa kwetu, mwisho kabisa. Watu wakageuza vichwa. Baba aliendelea kama kwamba hakuna aliyeingia. Somo lilikuwa la toba, na Baba akasema kwamba mtu aliyekosea mbele ya watu anapaswa kurekebisha mbele ya watu walewale.

"Fungu liko wapi, Mwalimu?" mwenyekiti akauliza kwa sauti. Mtu mmoja akacheka chinichini.

Haikuwa nzuri, sauti ile ya mwenyekiti. Ilikuwa na sumu. Baba alifungua kurasa. Akatafuta mbele, akarudi nyuma, akalamba kidole, akatafuta tena, na sisi tukingoja tulisikia karatasi tu. Mwishowe alifunga, akajikuna kichwa.

"Sina," akasema. "Basi hayo ni mawazo yangu tu."

Mwenyekiti alikuwa akitazama viatu vyake.

"Tumeyapokea kama mawazo," akasema.

Kesho yake niliisukuma wilbaro mimi. Mvua ilikuwa imenyesha katikati ya wiki, na tulipofika mwinukoni Baba aliomba tusimame. Shimo lilikuwa limekauka tena. Mti ulikuwa mahali pake. Katikati ya vifundo vya zamani vya katani kulikuwa na vipya vitatu, vya nailoni ya bluu, vimefungwa vizuri, kila kimoja chini ya mwenzake. Nyumbani kwetu hatuna nailoni ya bluu.

"Ni mwenyekiti," nikasema. "Baba, lazima ni yeye. Anapima!"

Baba alinigeukia, akainua kichwa taratibu.

Sikungoja aulize. Niliinama nikashika mikono ya wilbaro, na Mama akasema twende, mitungi bado ni mitupu.